Wanaorudi Nyumbani Wakati wa Kipupwe: Tusisingizie Baridi



Juni, Julai na Agosti ni miezi ya watu kurudi nyumbani. Shule hufunga, mavuno yameingia ghalani, harusi zinapangwa, na ndugu waliokuwa mbali mwaka mzima au hata miaka mitano wanaanza kushuka kwenye mabasi pale Tarime, Sirari na Mugumu. Wapo wanaotoka Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Wapo waliokuwa migodini. Wapo binti zetu waliokuwa Muscat wakifanya kazi za nyumbani, na wapo vijana waliokuwa masomoni Ulaya na Marekani. Wote hawa wanafika huku Kisaka wakati wa kipupwe, asubuhi ukungu umetanda juu ya mto Mara na wazee wamejifunika mablanketi hadi saa tatu.

Tunafurahi wanaporudi. Lakini kila mwaka, katika miezi hii hii, tunasikia maneno yale yale yakisemwa juu ya mgeni aliyeugua ghafla, au juu ya mtoto aliyekuja na mama yake kutoka mjini: "Amepigwa na baridi. Hajazoea hali ya hewa ya huku." Maneno hayo yakishasemwa, shauri limekwisha. Mgonjwa anafunikwa blanketi la pili, anapewa chai ya tangawizi, anawashiwa moto, na watu wanasubiri azoee. Wengine huzoea. Wengine hufikishwa zahanati siku ya nne, wakati mganga hana tena la kufanya.

Sisi tunasema wazi kwamba baridi inasingiziwa. Baridi ya kwetu peke yake haimwui mtu mwenye afya, mwenye nguo na mwenye paa juu ya kichwa chake. Wanaoua ni wengine, nao hujificha nyuma ya jina la baridi. Katika toleo hili tunapenda kuwataja mmoja mmoja, ili mwenyeji na mgeni wawatambue.

BARIDI YETU NI IPI?

Tuanze kwa kuwatendea haki wageni wetu. Baridi wanayoilalamikia ipo kweli. Hewa hupoa kadiri unavyopanda juu, karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Dar es Salaam iko ufukweni mwa bahari, na mji wa Tarime uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500. Kwa hiyo mtu anayepanda basi Dar es Salaam na kushuka Tarime amepunguziwa nyuzi kama 9 kwa sababu ya mwinuko tu, kabla hatujahesabu upepo wa usiku na anga lisilo na mawingu. Huko Muscat mwezi Juni joto la mchana huvuka nyuzi 40. Binti aliyeishi miaka miwili katika joto hilo, akalala kwenye chumba chake kijijini usiku wa Julai, atatetemeka, na hatupaswi kumcheka.

Baridi huufanya mwili ufanye kazi zaidi. Mishipa midogo ya damu hujikaza ili joto lisipotee, na kwa sababu hiyo shinikizo la damu huweza kupanda, hasa kwa wazee. Wenye pumu hubanwa kifua. Watoto wachanga hupoteza joto upesi kuliko sisi, kwa kuwa miili yao ni midogo. Haya yote ni kweli, na dawa yake ni rahisi: nguo nzito, soksi, kofia kwa mtoto, uji wa ulezi ulio moto, na kitanda kikavu. Sweta za mtumba zinapatikana katika kila gulio. Anayerudi aandikiwe mapema aje na nguo za baridi, na mwenyeji atafute blanketi la ziada kabla mgeni hajafika.

Tatizo linaanza tunapotafuta joto kwa njia isiyofaa, na tunapoamini kwamba kila anayetetemeka anatetemeka kwa sababu ya baridi.

MOTO WA MKAA CHUMBANI

Wanaojificha nyuma ya baridi ni wengi, na wa kwanza huingizwa chumbani na mwenyeji mwenyewe, kwa upendo.

Mgeni amefika usiku, amechoka. Mama wa nyumba anamwonea huruma. Anachukua jiko la mkaa lililokwisha kupikiwa, makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi, analiingiza chumbani, anafunga dirisha na mlango ili joto lisitoke. Mgeni anashukuru na kulala. Asubuhi anaitwa, haitiki.

Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inabeba sumu mahali pa hewa safi, ubongo na moyo vinakosa oksijeni, na mtu aliyelala hawezi hata kujua kwamba anakosa pumzi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, naye hudhani amechoka kwa safari. Akijaribu kusimama, magoti hayamtii.

Wapo watakaotujibu: "Mababu zetu walilala na moto ndani ya nyumba, na wakaishi hadi uzee." Ni kweli. Lakini mababu walilala katika nyumba gani? Nyumba ya nyasi inapumua. Hewa hupita juu kwenye paa na pembeni mwa ukuta, na gesi hupata njia. Leo tumejenga nyumba za matofali, tumeezeka bati, tumeweka dari na madirisha ya vioo. Nyumba hizo ni maendeleo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila nyumba nzuri iliyofungwa vizuri huishika sumu ndani vizuri vile vile. Desturi ya zamani tuliyoihamishia kwenye nyumba mpya imebadilika kuwa mtego.

Waliorudi kutoka Ulaya nao wasijidanganye kwamba wanaujua moto wa ndani. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, katika mji wa baridi ambao nyumba zake zilipashwa joto kwa makaa ya mawe. Kila moto katika nyumba zile ulikuwa na dohani ya kutolea moshi nje. Na hata hivyo moshi uliwashinda. Mwezi Desemba 1952, miezi michache tu baada ya Mwalimu kumaliza masomo yake, jiji la London lilifunikwa na moshi mzito tangu tarehe 5 hadi tarehe 9. Baridi ilikuwa kali, watu waliongeza makaa motoni, na hewa haikusogea. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kufa wakati ule, na wataalamu wa baadaye walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Wenzetu wale hawakusema wamepigwa na baridi wakanyamaza. Mwaka 1956 walitunga sheria ya kusafisha hewa yao.

Basi kanuni yetu iwe moja, bila kubembelezana: jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu. Kama ni lazima kuota moto, otea nje au jikoni kwenye hewa, kisha uende kulala. Chumba kipashwe joto kwa kuziba nyufa za upepo, kwa blanketi na kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje mara moja, na mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

KUTETEMEKA SI BARIDI TU

Wa pili ni malaria. Huyu ndiye mwongo mkubwa kuliko wote, kwa sababu huja amevaa sura ya baridi: mgonjwa anatetemeka, meno yanagongana, anaomba blanketi.

Watu wengi hudhani kwamba wakati wa kipupwe mbu wamekwisha. Sivyo. Mvua za masika huacha madimbwi, mbu huzaliana humo, na vimelea huhitaji muda ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Hewa ikiwa ya nyuzi 25 vimelea hukomaa kwa siku kama 12. Ikiwa ya nyuzi 20 huhitaji karibu mwezi mzima. Hivyo mvua ya Aprili na Mei huweza kuleta wagonjwa wa Juni na Julai. Kwa majirani zetu wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kama Kericho, milipuko ya malaria imekuwa ikifikia kilele chake kati ya Mei na Julai, yaani wakati watu wamevaa makoti. Tena mbu wa malaria hupenda kupumzika ndani ya nyumba, ambako kuna joto kuliko nje. Na sisi tunaokaa karibu na mabonde ya mto Mara tunajua kwamba maji hayakauki huku.

Sasa mweke mgeni wetu katika hali hiyo. Mtu aliyekulia huku, akaumwa malaria mara nyingi utotoni, mwili wake hujijengea kinga kiasi. Kinga hiyo haidumu. Akikaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, hupungua, naye anarudi akiwa karibu sawa na mgeni wa kizungu. Jambo la kusikitisha ni kwamba mgeni wa kizungu amejiandaa na mwana wetu hajajiandaa. Watalii wanaokuja Serengeti kuanzia Julai kutazama nyumbu wakivuka mto Mara hufika wakiwa na vidonge vya kinga walivyoandikiwa na daktari, wanavaa mikono mirefu jioni, na wanalala ndani ya chandarua. Mwana wetu anafika mikono mitupu. Akishauriwa anajibu: "Mimi ni mtu wa huku. Nitaogopaje mbu wa kwetu?" Mbu hamwulizi mtu kabila.

Kwa hiyo tunasema kwamba homa yoyote ya mtu aliyerudi nyumbani ihesabiwe kuwa malaria mpaka kipimo kikanushe. Kipimo cha haraka cha malaria kinatumia tone la damu kutoka kidoleni na majibu hupatikana kwa dakika chache. Kipimo kifanyike siku ile ile homa inapoanza.

Hapa lazima tuseme neno juu ya dawa. Wapo waliokaa nje miaka mingi ambao bado wanaulizia klorokwini dukani, kwa kuwa ndiyo waliyoiacha. Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikuwa sugu, na tangu mwishoni mwa mwaka 2006 dawa iliyowekwa ni dawa mseto. Dawa mseto imalizwe yote, hata kama mgonjwa amepata nafuu siku ya pili. Kununua vidonge viwili vitatu dukani "vya kupunguza baridi" ni kulipa fedha ili kuchelewa. Duka la dawa baridi haliitwi hivyo kwa sababu linatibu baridi.

MTOTO WA MJINI KATIKA JIKO LA BIBI

Wa tatu ni nimonia, yaani homa ya mapafu, na huyu hutafuta watoto.

Chukua mfano wa mama kijana anayekuja kumwonyesha mtoto kwa bibi na babu. Mtoto ana miezi minane, amezaliwa Dar es Salaam. Bibi amefurahi mno. Anamchukua mjukuu, anakaa naye jikoni karibu na mafiga, mahali penye joto kuliko pote, na hapo wanashinda. Kuni ni mbichi, moshi umejaa hadi darini, macho yanatoka machozi. Mama kijana anaona, anasita, hasemi kitu. Atamwambiaje mama mkwe kwamba jiko lake lina madhara? Baada ya wiki mtoto anakohoa, na jibu ni lile lile: baridi.

Moshi wa kuni huunguza njia za hewa za mtoto na kuidhoofisha kinga ya mapafu yake. Vijidudu vikija vinakuta mlango umeachwa wazi. Mtoto mwenye miezi minane anavuta pumzi nyingi kuliko mtu mzima, hivyo anavuta na moshi mwingi kuliko ukubwa wake. Bibi zetu wapendwa, tunawaomba mtusikie bila kukasirika: mjukuu apashwe joto kifuani mwenu, ndani ya kanga na blanketi, mbali na moshi. Joto la mwili wa bibi linamtosha. Na ninyi baba zetu, kutoboa dirisha la pili jikoni au kujenga jiko banifu lenye bomba la moshi ni kazi ya siku chache. Ng'ombe tumewajengea zizi, na mama naye ajengewe jiko linalopitisha hewa.

Mama yeyote anaweza kutambua nimonia kwa saa ya mkononi au ya simu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Anapumua haraka kuliko kawaida akiwa na:

(1) pumzi 60 au zaidi, ikiwa hajatimiza miezi 2;
(2) pumzi 50 au zaidi, ikiwa ana miezi 2 hadi 11;
(3) pumzi 40 au zaidi, ikiwa ana mwaka 1 lakini hajatimiza miaka 5.

Mtoto anayekohoa na kupumua haraka hivyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea hata haamki vizuri, usingoje kuche. Hiyo ni hatari ya saa ile.

Wapo bado wanaowapeleka watoto wa namna hii wakakatwe kimeo au wachanjwe chale kifuani. Kikohozi hakikai kwenye kimeo. Mtoto aliyekatwa huvuja damu, hupata vidonda vya koo, na siku mbili za kumtibu mapafu zinapotea. Tangu Januari 2013 nchi yetu inatoa chanjo ya kuzuia nimonia inayoletwa na vijidudu vya numokokasi, pamoja na chanjo nyingine kliniki. Mama anayesafiri na mtoto asiiache kadi ya kliniki mjini. Aje nayo, na tarehe ya chanjo ikiangukia likizoni, zahanati ya kijijini itamchanja.

KIKOHOZI KISICHOKWISHA

Wa nne haji kwa haraka. Kijana amerudi kutoka mgodini au mjini, amekonda, anakohoa asubuhi, usiku anatoka jasho. Nyumbani wanasema vumbi na baridi. Mwezi unapita, wa pili unapita. Anakula sahani moja na wadogo zake na kulala nao chumba kimoja kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, na hapa hatutaki mjadala. Waliofanya kazi katika vumbi la mawe migodini wako katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu vumbi hilo huharibu mapafu. Kupima makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Ni vema mgonjwa apime na virusi vya Ukimwi pia, kwa kuwa magonjwa haya mawili hupenda kutembea pamoja, na yote mawili yana dawa zinazomwezesha mtu kuishi na kufanya kazi. Aibu isitufunge midomo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho hakimwumbui mmoja tu, kinafika na kwa wadogo zake aliolala nao.

GONGO HAILETI JOTO

Wapo wanaume wanaosema kipupwe bila kinywaji hakipitiki, na mgeni akilalamika baridi humkaribisha gongo "apashe mwili". Wajue kinachotokea. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto inakimbilia nje, mtu anajisikia moto usoni, na joto la ndani linapotea hewani. Mlevi aliyelala njiani usiku wa Julai hupoa upesi kuliko asiyekunywa, naye hana akili ya kujifunika. Aidha gongo ya kienyeji haina anayepima kilichomo. Uji wa moto na maziwa vinaleta joto kwa gharama ndogo, na mtu anaamka asubuhi akimjua mkewe.

WANAORUDI KWENYE BARIDI YA UGHAIBUNI

Tusiwasahau wale ambao nyumba yao ya pili iko kwenye theluji. Wakimaliza likizo hapa, hasa ya Noeli, wanarudi London au Minneapolis katika Januari, majira ya baridi kali. Wiki mbili baadaye mwili unauma, homa inapanda, wanatetemeka. Huko kila mtu ana mafua, na daktari anayewaona anafikiri mafua. Nao wenyewe wanasema: "Nimetoka kwenye joto, nimepigwa na baridi." Wamelichukua neno letu hadi ng'ambo, na neno hilo linaweza kuwaua katika nchi yenye hospitali nzuri kuliko zetu.

Malaria kali huanza kujionyesha kuanzia siku kama 7 baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja, na inaweza kuchelewa hadi miezi 3 au zaidi. Kwa hiyo wazazi, mnapowasindikiza watoto wenu stendi, pamoja na karanga na unga wa ulezi mnaowafungia, wapeni na agizo hili: "Mwanangu, ukipata homa huko, mwambie daktari kwamba umetoka Mara, Tanzania, na umwombe akupime malaria." Sentensi moja tu, lakini daktari wa huko asipoisikia hana namna ya kujua. Na wanaopanga kuja waonane na daktari kabla ya safari kuhusu vidonge vya kinga. Wajawazito wasikose kufanya hivyo, kwa sababu malaria humdhuru mama na mtoto aliye tumboni.

JUMUIYA ZETU ZIFANYE NINI?

Tunajua kuna watakaosema kwamba haya yote ni maneno ya watu wenye gari na hospitali karibu. Zahanati iko mbali, usiku imefungwa, na wakati mwingine mtu anafika akaambiwa dawa zimekwisha. Malalamiko hayo ni ya haki, na wenye dhamana wayasikie. Watoto wa chini ya miaka 5 wamewekwa na serikali katika kundi la wasiotozwa matibabu kwenye vituo vyake, lakini msamaha wa malipo haumsaidii mama anayekuta rafu tupu. Tuendelee kudai, kwa adabu na bila kuchoka, kwenye mikutano ya kijiji na kwenye kamati za afya.

Lakini wakati tunadai, yapo yaliyo mikononi mwetu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hukutana kila wiki, na zinajua nani amerudi katika nyumba ipi. Tunapendekeza mambo manne:

(1) Mwezi Juni kila jumuiya itenge dakika kumi baada ya sala kufundishana habari ya jiko la mkaa na kuhesabu pumzi za mtoto.
(2) WAWATA wawachague akina mama wawili katika kila kigango watakaopita kwa mama waliokuja na watoto wachanga, wawasalimie na kutazama mahali mtoto anapolala. Mama mkwe hulipokea neno kwa mwenzake wa rika kuliko kwa mkwewe.
(3) Jumuiya iwe na namba ya kijana mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa usiku, na mfuko mdogo wa mafuta. Shilingi chache za kila Jumapili zinatosha kumfikisha mgonjwa mmoja, na mmoja huyo ni roho ya mtu.
(4) Kila nyumba inayotegemea mgeni iandae chandarua chenye dawa pamoja na blanketi. Kimoja bila kingine ni ukarimu nusu.

Msamaria Mwema alifanya mambo ya kawaida kabisa: alisimama, akatazama majeraha, akayafunga, akampeleka aliyeumia mahali pa kutunzwa na kulipa gharama. Hakuuliza hali ya hewa. Wale wawili waliopita kabla yake bila shaka walikuwa na maelezo mazuri ya kwa nini yule mtu alale pale. Sisi nasi tunayo maelezo yetu, mafupi na mepesi, nayo ni baridi. Yanatuondolea wajibu wa kutazama.

Waswahili wana msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunatamani katika kipupwe hiki, huku Kisaka, mgeni naye apone. Akifika, mpe uji, mpe blanketi, mtundikie chandarua, na jiko la mkaa liache nje. Akitetemeka, mguse paji la uso. Likiwa la moto, usiseme neno baridi. Mtafute mwenye pikipiki.

Mungu awalinde wote walio safarini, na awafikishe nyumbani salama.